Nani Anamchukua Kiungo? Zabuni za Mikataba Ndani ya Michezo ya Umeneja

Najua ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi ya kutafuta unga imenibana. Leo nimepata nafasi, na nina swali la msomaji mmoja ambalo limekaa kwenye sanduku langu la barua kwa muda. Anauliza hivi: "Kwenye hii michezo ya kuwa meneja wa timu, mimi natoa mshahara mkubwa kuliko wote, halafu mchezaji anaenda timu nyingine. Je, kompyuta inadanganya?"

Jibu fupi: haidanganyi. Inapiga hesabu ambayo wewe hukuonyeshwa. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na ninalijua kwa sababu mimi mwenyewe nimeandika programu ya namna hiyo. Ni ligi ndogo ya mpira wa miguu inayochezwa kwenye kivinjari, mameneja 12, wote ni watu tuliosoma pamoja au tuliofanya kazi pamoja. Wengine wako Nairobi na Eldoret, mmoja yuko Minnesota, na mmoja ni mlinzi kule Doha. Huyu wa Doha mtamsikia zaidi, kwa maana ni kwa ajili yake nilikaa usiku kadhaa nikiandika upya sehemu nzima ya zabuni.

Kwa wale wasiojua michezo hii

Kwenye michezo ya kawaida ya kandanda wewe ndiye unayepiga mpira. Kwenye michezo ya umeneja hugusi mpira hata kidogo. Unanunua, unauza, unapanga kikosi, halafu unakaa kando kama kocha na kuangalia kompyuta ikicheza mechi. Uliovuma zaidi ni Championship Manager, ulioandikwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, ukatoka mwaka 1992. Tangu mwaka 2004 kazi ya ndugu hao inauzwa kwa jina la Football Manager. Wasweden nao walianzisha Hattrick mwaka 1997, ambao unachezwa kwenye wavuti na unashindana na binadamu wenzako. Wapenzi wa besiboli wana Out of the Park Baseball, na wa mpira wa vikapu wana Basketball GM, ambao unaendeshwa wote ndani ya kivinjari chako.

Katika michezo hii yote, mechi si ngumu sana kuiandikia programu. Ugumu uko sokoni. Mchezaji mmoja mzuri, timu 12 zinamtaka, nani anamchukua na kwa bei gani? Hapo ndipo watu hununiana.

Mnada wa wazi

Njia ya kwanza ni mnada kama ule wa ng'ombe. Kila mtu anaona bei iliyopo, anaongeza, mpaka muda uishe. Hattrick wanatumia njia hii. Ni rahisi kueleweka na ina raha yake, lakini ina ugonjwa mmoja ambao kila aliyewahi kununua kitu kwenye mnada wa mtandaoni anaujua: watu wote wananyamaza mpaka sekunde kumi za mwisho, halafu mmoja anaongeza kidogo na saa inagonga. Aliyekuwa tayari kutoa zaidi hapati nafasi ya kujibu.

Hattrick walitibu ugonjwa huo kwa dawa nzuri sana. Ukiweka dau ndani ya dakika tatu za mwisho, muda unasogezwa mbele dakika tatu nyingine. Kwa hiyo haina faida kuvizia, maana mpinzani wako atapata dakika zake za kujibu. Mnada unaisha watu wanapochoka, si saa inapogonga.

Ligi yetu ilianza na mtindo huo huo, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumeuzoea. Soko lilikuwa linafungwa Ijumaa saa tatu usiku. (Wa Minnesota tulimwandikia 21:00 saa za Nairobi, maana akisoma "saa tatu" baada ya miaka yote ya ughaibuni sijui angeamka saa ngapi.) Kwake ilikuwa mchana, wakati wa chakula, hana shida. Sasa mwangalie yule wa Doha. Saa za Doha na za Nairobi ni zile zile, hakuna tofauti hata dakika. Lakini yeye anaingia zamu saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na simu inaachwa kwenye kabati. Soko linafungwa akiwa amesimama getini.

Kwa wiki sita mfululizo hakupata hata mchezaji mmoja aliyemtaka. Pesa za mchezo alikuwa nazo kuliko sisi wote, kwa sababu hakuwa akizitumia! Alikuwa anaweka dau lake mchana kabla ya kulala, na usiku mtu anampita kwa elfu moja. Ile dawa ya dakika tatu kwake ilikuwa sumu, kwani inampa faida mtu aliye macho na mwenye simu mkononi. Mwishowe akatuandikia kwenye kundi letu: "Wazee, mimi nadhani niwaachie. Hii ligi ni ya wenye nafasi."

Mtu anaweza kusema ni mchezo tu. Lakini mtu akiwa miaka mitatu mbali na nyumbani, analala chumba kimoja na watu asioongea nao lugha moja, kundi la ligi ndipo mahali anapotaniwa kwa lugha yake. Sikutaka aondoke kwa sababu ya kipima saa.

Bahasha iliyofungwa

Njia ya pili Wakenya tunaijua vizuri, ni ile ya tenda. Kila mmoja anaandika dau lake kwa siri, linafungwa ndani ya bahasha, na siku ikifika bahasha zote zinafunguliwa pamoja. Huhitaji kuwa macho wakati wa kufunga. Unaweza kuandika dau lako Jumanne asubuhi ukitoka zamu, ukalala.

Mfano maarufu zaidi wa zabuni ya namna hii katika michezo ya kweli unatoka Japani. Kuanzia mwaka 1998 vilabu vya besiboli vya Marekani vilivyotaka mchezaji aliye bado na mkataba Japani viliandika dau kwa siri, na aliyeandika kubwa zaidi alipata haki ya kuzungumza na mchezaji huyo peke yake kwa siku 30. Wakishindwa kuelewana, pesa inarudi. Mwaka 2000 Seattle Mariners walimpata Ichiro Suzuki kwa dola milioni 13.125. Mwaka 2006 Boston Red Sox waliandika dola 51,111,111.11 kwa ajili ya mrushaji Daisuke Matsuzaka. Dau la pili liliripotiwa kuwa chini ya dola milioni 40. Yaani zaidi ya dola milioni 11 zilitoka mfukoni bila sababu, kwa kuwa hawakuona bahasha ya jirani. Na hiyo ilikuwa ya klabu yake tu, mchezaji mwenyewe akapewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 52.

Tazameni pia hizo tarakimu. Kwa nini wasiandike milioni 51 kamili? Kwenye zabuni ya siri watu hupenda namba za mviringo, kwa hiyo ukiongeza kidogo juu ya namba ya mviringo unamshinda yeyote aliyesimama pale pale. Mwaka 2013 Arsenal waliandika pauni 40,000,001 kwa Liverpool wakimtaka Luis Suárez, kwa sababu mkataba wake ulikuwa na kipengele kilichotaja dau la zaidi ya pauni milioni 40. Liverpool walikataa, na mwaka uliofuata akaenda Barcelona. Cha kuchekesha ni kwamba wenye Red Sox na wenye Liverpool ni wale wale, kundi la John Henry. Mara moja waliandika namba ya ajabu, mara nyingine wakaandikiwa!

Kulipa kupita kiasi

Zabuni ya siri nayo ina ugonjwa wake. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield waliandika kuhusu vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Walisema hivi: ikiwa makampuni mengi yanakisia thamani ya kitalu kile kile, wengine watakisia chini na wengine juu, na atakayeshinda mara nyingi ni yule aliyekosea kwa kwenda juu. Kushinda kwenyewe ni dalili kwamba umelipa zaidi. Weka mchezaji mahali pa kitalu, hesabu ni ile ile. Kwenye programu yangu kila meneja anaonyeshwa makisio ya kiwango cha mchezaji, na makisio hayo yana kosa la bahati nasibu. Watu 12 wakikisia, mshindi karibu kila mara ni yule ambaye skauti wake alimsifia mchezaji kupita kiasi.

Ushauri wangu kwa anayecheza: kadiri washindani wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo unavyopaswa kushusha dau lako, si kulipandisha. Najua linasikika kinyume, lakini fikirieni tena.

Kuna dawa iliyotolewa mwaka 1961 na profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, William Vickrey. Mwenye dau kubwa anashinda, lakini analipa bei ya mtu wa pili. Ukiandika thamani yako ya kweli hupotezi kitu, kwa sababu namba yako inaamua kama umeshinda, haiamui unalipa nini. Vickrey alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa. Ligi yetu tumeichukua njia hii kwa ada ya uhamisho kati ya klabu na klabu. Red Sox wangekuwa kwetu wangelipa bei ya aliyewafuata na kurudi nyumbani na chenji yao.

Wajapani na Wamarekani walipitia njia nyingine. Desemba 2013 waliweka kikomo cha dola milioni 20, na klabu yoyote iliyokubali kutoa hiyo iliruhusiwa kuzungumza na mchezaji. Matokeo yake pesa ilihama kutoka kwa klabu kwenda kwa mchezaji: Januari 2014 Masahiro Tanaka alisaini na New York Yankees miaka saba kwa dola milioni 155. Tangu mwaka 2018 ada ya klabu ni asilimia ya mkataba wenyewe. Ukibadilisha sheria ya mnada unabadilisha ni nani anayekula.

Mshahara mkubwa umeshindwaje?

Sasa turudi kwenye swali la msomaji wetu. Mchezaji akiwa huru hakuna klabu ya kulipwa, yeye mwenyewe ndiye anayefungua bahasha. Na yeye haangalii namba moja. Kuna mshahara, kuna miaka, kuna nafasi ya timu. Programu lazima ivigeuze vyote viwe alama moja ili iweze kuvilinganisha.

Kwetu ninafanya hivi. Mshahara wa mwaka wa kwanza unahesabiwa wote. Kila mwaka unaofuata unapunguzwa kwa kizidisho kinachotegemea umri. Mchezaji wa miaka 32 anataka uhakika, kwa hiyo kizidisho chake ni 0.9. Kijana wa miaka 21 anaamini mwaka kesho atakuwa ghali zaidi, hataki kufungwa, kwa hiyo chake ni 0.5.

Tuseme timu A inatoa 300,000 kwa miaka 2, na timu B inatoa 200,000 kwa miaka 4. Kwa mzee wetu, A ni 300,000 kujumlisha 270,000, jumla 570,000. B ni 200,000 na 180,000 na 162,000 na 145,800, jumla 687,800. Anaenda B. Kwa kijana, A ni 450,000 na B ni 375,000. Anaenda A. Ofa ni zile zile, wachezaji wawili wanafanya uamuzi tofauti na kila mmoja ana akili timamu.

Halafu kuna tabia. Football Manager ina sifa zilizofichwa kama tamaa ya mafanikio na uaminifu kwa klabu. Out of the Park nayo inaangalia nani anapenda pesa na nani anataka ushindi. Kwetu, ikiwa yule mzee anatamani kombe na timu B iko mkiani, alama za B zinazidishwa kwa 0.8. Inakuwa 550,240, ambayo ni chini ya 570,000 ya timu A. Anabadilisha mawazo! Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona umetoa zaidi na umekosa, usiitukane kompyuta. Angalia umri wake, kisha angalia timu yako iko wapi kwenye jedwali.

Na hata mkikubaliana, bado. Januari 2010 McDonald Mariga wetu alikuwa mlangoni kuingia Manchester City kutoka Parma, akakosa kibali cha kazi Uingereza, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliangalia nafasi ya timu ya taifa kwenye orodha ya FIFA. Akaenda Inter Milan, ambao walitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka huo huo. Football Manager inahesabu vibali pia. Kwenye programu hiyo ni mstari mmoja wa masharti tu, lakini kwa mtu wa kweli ni maisha yake.

Karani ambaye pia ni mnunuzi

Tukahamia bahasha za siri, na mlinzi wetu wa Doha wiki ya kwanza tu akapata kipa na beki. Furaha ikawa nyingi. Lakini baada ya mwezi mmoja likazuka jambo jingine. Mimi nilikuwa nimeshinda wachezaji watatu kwa tofauti ndogo sana, na mtu mmoja akauliza kwa utani ambao haukuwa utani: "Hizo bahasha zinakaa wapi?" Zinakaa kwenye hifadhidata. Na nenosiri la hifadhidata analo nani? Mimi. Nami nina timu.

Sikuwa nimechungulia. Lakini mtazame kwa jicho lao: hawana njia yoyote ya kujua. Kwenye tenda za serikali sheria yetu ya ununuzi ya mwaka 2015 inataka zabuni zifunguliwe mbele ya waliozileta wakitaka kuhudhuria. Sheria haisemi karani ni mwizi, inasema tu asiachwe peke yake na bahasha.

Nikatafuta njia ambayo hata mimi nikitaka kuchungulia nisiweze. Nayo ni hii. Kuna kanuni za hesabu, kama SHA-256, zinazogeuza maandishi yoyote kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole. Kutoka kwenye maandishi unapata alama mara moja, lakini kutoka kwenye alama huwezi kurudi kwenye maandishi. Kwa hiyo meneja haleti dau lake, analeta alama yake tu. Muda ukiisha, kila mtu anafunua maandishi yake, na yeyote anaweza kukokotoa alama na kuhakikisha haikubadilishwa.

Ila kuna mtego hapa. Madau yetu ni kati ya 100,000 na 500,000 kwa hatua za elfu moja, na miaka ni 1 hadi 5. Hizo ni ofa 2,005 tu. Mimi ningeweza kukokotoa alama za zote kwa kupepesa jicho na kutafuta ipi inalingana na yako. Ndiyo maana kila mtu anaongeza maneno manne ya siri anayoyachagua mwenyewe kabla ya kutengeneza alama. Kivinjari chake ndicho kinachofanya hesabu hiyo, maneno hayafiki kwenye seva mpaka siku ya kufunua.

Na mtu akigoma kufunua baada ya kuona za wenzake? Dau linafutwa, na wiki inayofuata haruhusiwi sokoni. Kufunua kuna dirisha la saa 24, ili aliye zamu afunue akirudi. Pia pesa ya kila dau inashikiliwa: ukiandika kwa wachezaji watano lazima uwe na za watano, au upange orodha useme nikimpata wa kwanza futa wa pili.

Baada ya hapo swali la bahasha zinakaa wapi halijaulizwa tena. Utani umerudi ulivyokuwa, na mimi nimepoteza wachezaji wawili kwa yule wa Doha bila hata kujua alikuwa anawataka.

Nawaachia jambo moja la kujaribu. Ukicheza mchezo wowote wenye soko, kabla ya kuweka dau jiulize maswali matatu: nani anaona dau langu, ninalipa bei yangu au ya mwenzangu, na nani anashika bahasha. Majibu hayo yatakusaidia kuliko kuongeza elfu moja. Wenye maswali andikeni hapo chini kwenye maoni, nitayajibu. Safari ijayo nitaeleza jinsi timu zinazoendeshwa na kompyuta zinavyoamua kuuza, kwa sababu huko nako kuna vituko.